Rangi ya Treni ya Mtakuja

Usiku ule nililala na harufu ya rangi kwenye nywele, na nadhani ndiyo maana babu alinipata kwa urahisi.

Mimi, Siwema, ni fundi wa treni ndogo. Natengeneza kwa mabati, mbao na nyaya: kichwa chenye urefu wa mkono, mabehewa ya abiria yenye madirisha ya plastiki, magurudumu yanayozunguka kweli. Kazi yangu naifanyia Tabora, kwenye chumba cha uani nyumbani kwa mama, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita misumari inacheza kwenye kopo. Hoteli zinanunua, shule zinanunua, na wapo watu wazima wenye mvi wanaoagiza treni waliyosafiri nayo utotoni. Hao ndio wagumu. Mtu wa namna hiyo atakusamehe dirisha lililopinda, lakini rangi hakusamehe. Treni ya abiria ya miaka ya mwanzo ya uhuru anaitaka kichwa chake kiwe damu ya mzee, chenye mkanda wa njano ubavuni, na mabehewa yawe damu ya mzee chini na rangi ya maziwa juu. Ya miaka iliyofuata anaitaka kichwa cha kijani, na puani milia mipana ya njano iliyokaa kama mabawa, iliyowekwa makusudi ili watu na ng'ombe waione treni ingali mbali. Kati ya zama hizo mbili kuna kipindi kifupi ambacho vichwa vilikuwa vinaingizwa karakana kimoja kimoja kubadilishwa rangi. Ukitengeneza treni ya kipindi hicho lazima uulize sana, maana kila kichwa kilikuwa na siku yake.

Kazi niliyokuwa nayo mezani ilikuwa ya kipindi hicho. Ilikuwa treni ya Mtakuja.

Mtakuja ni kivuko kisicho na geti, mahali barabara ya vumbi inapokata reli. Kabla sijazaliwa, lori lililobeba watu wa harusi liligongwa pale na treni ya abiria, mchana, wakati wa kiangazi. Waliokufa walikuwa wengi, bibi harusi akiwa mmoja wao. Dereva wa lori alikuwa babu yangu, baba yake mama. Treni haikumuua. Alitambaa akatoka kwenye mabati akiwa hai, na ndugu za wafu, waliokuja mbio kutoka kijijini, wakamuua kwa mawe na magongo. Walisema alikuwa amelewa. Walisema mtu mwenye akili timamu hawezi kukosa kuiona treni ya kijani yenye pua ya njano, mchana kweupe. Maneno hayo yalibaki. Mama alikua nayo, akaolewa nayo, na hata mimi shuleni niliwahi kuitwa mjukuu wa mlevi.

Aliyeniletea kazi ni Mwalimu Kapela, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya ndugu za marehemu. Bibi harusi alikuwa dada yake. Walikuwa wamepewa chumba kidogo stesheni cha kuweka kumbukumbu, na walitaka treni ile iwekwe humo ndani ya kasha la kioo. Nilimwambia tangu mwanzo kwamba mimi ni mjukuu wa dereva wa lile lori. Akasema hilo analijua, na kwamba hakuna fundi mwingine. Nilipomuuliza rangi ya kichwa, alikuwa anaangalia mlango. Alisema ni kijani, na pua ya njano.

Picha nilizokuwa nazo zilikuwa nyeusi na nyeupe, na kwenye picha ya namna hiyo kijani na damu ya mzee ni kitu kimoja. Basi nikafuata neno lake, nikapaka kichwa kijani. Jioni hiyo nilibandika solotepu puani, nikapaka njano, nikaacha ikauke. Ilipendeza. Mama alichungulia, akaiona, akarudi zake jikoni. Nilijilaza kwenye godoro ninaloweka kule kule karakanani kwa siku za kazi nyingi.

Katika ndoto nilikuwa bado nimesimama mezani, na kulikuwa mchana. Nilikuwa nabandua ile solotepu. Ilibanduka na rangi. Nikaendelea kuvuta, ikabanduka na bati, laini kama ngozi ya mbuzi, na chini yake kulikuwa na majimaji. Nilitaka kuacha lakini mkono ulikuwa unavuta wenyewe, na utepe ulikuwa hauishi, unarundikana miguuni pangu.

Mlango haukufunguka. Mtu alikuwa ndani tayari.

Babu nilikuwa namjua kwa picha moja tu, kijana mwembamba aliyeegemea tairi, anacheka. Huyu hakuwa anacheka. Taya lake lilikuwa limehama upande, jicho moja limefungwa na damu iliyoganda, na kati ya meno kulikuwa na mchanga. Alivaa shati jeupe la kwendea harusini. Nikapiga goti nikamwamkia, shikamoo babu. Hakuitikia. Alinyoosha mkono, akachukua nyundo yangu pale inaponing'inia ukutani, akaipiga ile treni puani.

Aliipiga kama mtu anayeua nyoka. Bati lilibonyea, madirisha yakaruka, magurudumu yakakimbilia chini ya meza. Alipiga mpaka njano yote ikapotea, kisha akaendelea, akaipiga meza, akaupiga mkono wangu uliokuwa juu ya meza. Nilisikia vidole vikivunjika kimoja kimoja. Sikusikia maumivu. Nilichokisikia ni aibu, na sikujua ni ya nini.

Akasema, "Hii siyo iliyonigonga."

Sauti yake ilitoka kwa shida, kwa sababu ya lile taya.

Sasa meza ni barabara. Tumekaa kwenye lori, yeye kwenye usukani, mimi kando yake, na nyundo imelala kati yetu kwenye kiti. Uso wake umekuwa mzima, ni wa kwenye picha. Nyuma wanawake wanapiga vigelegele na mtu anapiga ngoma, na kila lori linaporuka kwenye shimo wote wanacheka kwa pamoja. Nasikia harufu ya pombe ya mtama. Anajua kwamba naisikia. Anaangalia mbele, anasema, "Nilikunywa. Hilo ni langu, nitalijibu mimi."

Upepo unavuma kutoka kushoto na vumbi limesimama. Ni lile vumbi letu jekundu la kiangazi, linalofanya nyumba, miti na mbuzi viwe rangi moja. Anapunguza mwendo. Anashusha kioo na kutoa kichwa nje. Naona kwa macho yangu kwamba anapunguza mwendo, anatoa kichwa nje, anaangalia upande huu, anaangalia upande ule. Mimi pia naangalia. Macho yangu ni ya fundi, naitafuta njano. Najua ilivyo, nimeipaka jioni, nitaiona hata ikiwa mbali kama punje. Hakuna njano. Kuna vumbi tu, na ndani ya vumbi kuna vumbi jingine zito zaidi, na lile zito linakuja.

Halina mkanda. Halina namba. Halina kijani wala damu ya mzee. Chuma chote, kuanzia puani mpaka mgongoni, kimepakwa rangi moja ya udongo, butu, isiyong'aa hata kidogo. Rangi hiyo naijua, kopo lake ninalo chini ya meza. Ni praima, rangi ya kwanza inayopakwa ili chuma kisishike kutu, ambayo juu yake ndiyo unapaka rangi yenyewe. Kichwa kile kimetolewa karakana kabla hakijamalizika, kikafungwa mabehewa, kikatumwa njiani kikiwa na rangi ya nchi kinamopita.

Nataka kumwambia babu. Mdomo wangu umejaa solotepu.

Honi ilikuja pamoja na chuma. Lori lilikatika katikati, na nusu ya nyuma ikaondoka na wale waliokuwa wanacheka. Sikuanguka. Nilikuwa nimesimama kando ya reli nikiangalia kila kitu kwa utaratibu, kama mtu anayeonyeshwa bidhaa. Ngoma ilipita hewani ikiwa nzima. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye kokoto, amenyooka vizuri, na hakuwa na uso. Bibi harusi alivutwa na gurudumu kwa shela lake, na shela lilikuwa refu, halikukatika, na breki zililia muda wote huo. Mabehewa ya abiria yalipita mbele yangu, damu ya mzee chini, maziwa juu, abiria wameinamia madirishani, na kutoka chini ya magurudumu ile rangi ya maziwa ilikuwa inaingia madoa ya damu mpaka usawa wa madirisha. Nilisikia mtu akiita jina la mwanawe. Kisha akaacha.

Babu alikuwa amebanwa kwenye pua ya treni kama mdudu kwenye kioo cha gari. Treni iliposimama alijibandua. Alijibandua kweli, kwa mikono yake, kama mtu anayetoka kwenye tope, na kifua chote cha shati jeupe kilikuwa cha rangi ya udongo, mbichi, inachuruzika. Damu ilikuwa kando, begani, ya rangi yake nyingine. Alisimama akaziangalia zile rangi mbili. Akazigusa. Nikamwona akielewa.

Watu wanakuja. Wanatoka upande wa kijiji, wanakimbia, na wakiwa bado mbali wanalia. Wanafika, wanaona, na kilio kinageuka. Mmoja anaokota jiwe la reli. Wote wanaokota. Mimi nimo kati yao. Najikuta nimeshika nyundo na nasikia sauti yangu ikisema mlevi, mlevi, kwa sauti ile ile niliyoitiwa shuleni.

Babu hakimbii. Ameinua mkono wa kulia, anaonyesha pua ya treni. Anataka waangalie tu. Gongo linashuka, mkono unavunjika juu ya kiwiko na kuning'inia. Anainua wa kushoto, anaonyesha. Wanauvunja huo. Anaonyesha kwa kidevu, ananyoosha shingo kule treni iliko, na hapo linakuja jiwe kubwa la mikono miwili, na taya linahama upande. Ameanguka. Hawaachi. Wanampiga mbavuni, tumboni, mdomoni, wanampiga mpaka mchanga unamjaa kati ya meno, kila pigo lina jina la mtu, wanayataja majina wakati wanapiga, mama, kaka, dada, mwanangu. Hakuna hata mmoja anayegeuka kuangalia treni. Imesimama pale, kubwa kama nyumba, na kwenye vumbi lile kwa kweli haionekani vizuri.

Nimepiga magoti kichwani kwake. Watu wameondoka, au bado wapo lakini hawana sauti. Jicho moja liko wazi. Namwomba msamaha kwa nyundo. Anatikisa kichwa, kana kwamba hilo silo lililomleta.

Anasema, "Mjukuu wangu. Paka nilichokiona."

Nikapiga kelele, na kelele hiyo ilikuwa ya kweli.

Niliamka nimeshikwa viganja vyote viwili. Mama alikuwa juu yangu, amepiga magoti kwenye godoro, ananizuia. Nilikuwa napiga ukuta kwa ngumi, na vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka vinavuja damu. Nje kulikuwa kumekucha, majogoo wa jirani walikuwa wanawika. Treni ilikuwa pale mezani, nzima, kijani, pua ya njano imekauka.

Mama aliniletea maji, nikanywa, nikamsimulia. Nilimsimulia yote jinsi nilivyoyaona, hata pombe, maana sikutaka kumpunguzia. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika pale babu anapojibandua kwenye treni, aliinua mkono ninyamaze.

"Nani kakwambia habari ya shati?"

Nilimjibu kwamba hakuna aliyeniambia. Sikujua kama kulikuwa na habari ya shati.

Akakaa chini, kwenye sakafu yenye vumbi la mbao, yeye ambaye hapendi kukaa chini kwa sababu ya magoti. Akaniambia kwamba babu alipoletwa nyumbani, bibi alimvua lile shati na kulifua kabla ya maziko, kwa sababu hakutaka watu waione damu. Mama alikuwa msichana wa umri wa kuteka maji, ndiye aliyekuwa anamwagia. Damu ilitoka. Kifuani kulikuwa na kitu kingine, cha rangi ya udongo, ambacho hakikutoka kwa sabuni wala kwa majivu. Bibi alisugua mpaka kitambaa kikachanika. Akanusa, akasema hii ni rangi. Kisha akalitia shati motoni na kumkataza mama asilitaje kamwe. Alisema shati la mtu anayeitwa mlevi haliwezi kusema kitu mbele ya watu waliomuua mwenye shati, na kwamba wakilisikia watarudi kwa ajili ya watoto.

Mama alikuwa amelikalia kimya jambo hilo umri wake wote. Hakuelewa rangi ile ilitoka wapi. Nilipotoa kopo la praima chini ya meza na kulifungua, hakulisogelea. Alitazama kutoka pale alipokaa, akafunika mdomo kwa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Asubuhi ile ile nilichukua msasa. Nilisugua njano ikaisha, nikasugua kijani, nikafuta namba, nikapaka praima mwili mzima wa kile kichwa. Mabehewa sikuyagusa, yalikuwa sahihi. Kilipokauka nilikiunganisha na mabehewa yake mazuri nikasogea nyuma, na ilikuwa treni ya kutisha, kama mtu asiye na ngozi anayetembea katikati ya watu.

Mwalimu Kapela alikuja mchana kuangalia kazi ilipofikia. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia achukue kazi yake atafute fundi mwingine. Aliingia, akaamkiwa, akavua kofia, akaigeukia meza. Nilimwona akiiona.

Hakuuliza kwa nini. Hicho ndicho nilichokishangaa kwanza. Mtu aliyeagiza kijani akakuta udongo huuliza kwa nini. Yeye alisogea mpaka pua yake ikakaribia kuigusa ile ya treni, akabaki hapo, na pumzi yake ilikuwa inasikika chumba kizima. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba babu yangu amenijia, na kwamba ndivyo alivyoiona. Nilidhani atacheka au atakasirika.

Akasema, "Ilikuwa hivi."

Nikasogea karibu naye.

"Niliiona baadaye," akaendelea, bila kugeuka. "Baada ya kuwa tumemaliza. Niligeuka kumtafuta dada, nikaiona treni. Haikuwa na njano. Nilikuwa na jiwe bado mkononi, Siwema. Nilirudi nyumbani nikasema ilikuwa na njano. Wenzangu nao wakasema hivyo hivyo."

Akatafuta mahali pa kukaa na hakupaona, akabaki amesimama ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mzee mkubwa, aliyefundisha nusu ya mji huu kusoma. Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nyundo ilikuwa ukutani na nilijua ilipo bila kuangalia. Nikawaza pia kwamba alikuwa kijana, na dada yake alikuwa bado yuko chini ya gurudumu. Mawazo hayo mawili yalisimama ndani yangu na hakuna lililolisogeza jingine.

Nilipogeuka nikamwona mama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Mwalimu Kapela naye alimwona. Akaachia ukingo wa meza. Akasema treni itaenda stesheni kama ilivyo, kwa rangi hiyo hiyo, na atasimama mbele ya kamati aseme mwenyewe kwa nini. Kisha akasema, kwa shida, kwamba karibu na kasha la kioo kutakuwa na kibao cha majina ya waliokufa Mtakuja, na kwamba angependa, kama tutakubali, kuongeza jina. Lakini halijui. Walimwita dereva tu.

Mama alivuka kizingiti, akaja mpaka upande wa pili wa meza, treni ikiwa kati yao.

"Maganga," alisema. "Maganga mwana wa Shija. Andika."

Mwalimu akapapasa mfukoni akitafuta kalamu, na mama akasubiri mpaka akaipata.